Dola isiyo ya kiliberali: mtawala aliyechaguliwa kwa kura ana kosa gani?

Msomaji wa Usiku
Wakuu, salaam. Tangu Viktor Orbán, akiwa Waziri Mkuu wa Hungaria, atangaze Julai 2014 kwamba anajenga dola isiyo ya kiliberali, kila mtawala asiyependwa hubandikwa jina hilo. Naomba kueleweshwa: serikali iliyoingia kwa kura, na inayorudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka minne, ina kosa gani?

Kalamu Kavu
Ndugu, uliberali unaozungumzwa hapa si soko huria. Ni mipaka anayowekewa mshindi, yaani mahakama, vyombo vya habari na haki za walioshindwa. Mwaka 2010 Fidesz, chama cha Orbán, kilipata takriban asilimia 53 ya kura za orodha za vyama, lakini mfumo wa uchaguzi ukakipa viti 263 kati ya 386, ambavyo ni zaidi ya theluthi mbili, na kwa theluthi mbili katiba hubadilishwa. Katiba mpya ikaanza kutumika 1 Januari 2012, bunge likapunguzwa hadi viti 199, majimbo yakachorwa upya, na mwaka 2014 asilimia 45 hivi ya kura ikarudisha theluthi mbili ile ile.

Tazama walivyowashughulikia majaji. Umri wa kustaafu ulishushwa kutoka miaka 70 hadi 62, basi; hakutumwa askari hata mmoja. Novemba 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa huo ni ubaguzi wa umri (ajabu, kosa lililoonekana likawa la umri!), lakini wakati huo nyadhifa nyingi za uongozi mahakamani zilikuwa zimekwisha kupewa wengine.

Mtazamo wa Pili
Nakubaliana nawe, ila umewasahau wapiga kura. Mwaka 2006 ilivuja sauti ya Waziri Mkuu Ferenc Gyurcsány akikiri kwamba serikali yake iliwadanganya wananchi. Kisha mtikisiko wa fedha wa 2008 ukawakuta wengi wana mikopo ya nyumba kwa faranga za Uswisi, faranga ikapanda thamani, na marejesho yakapanda huku mishahara imesimama. Watu hao hawakurogwa. Walikuwa na hasira yenye sababu.

Msomaji wa Usiku
Nashukuru. Je, Polandi nayo ni hivyo hivyo?

Kalamu Kavu
Kwa sehemu. Chama cha Sheria na Haki (PiS), kilichokuwa kikitawala huko, kiliiga hila ya umri, kikaushusha kwa majaji wa Mahakama ya Juu kutoka 70 hadi 65 mwaka 2018, kikalazimika kurudi nyuma mwaka huo huo. Hakikuwahi kupata theluthi mbili, na Oktoba 2023, zaidi ya asilimia 74 ya wapiga kura walipojitokeza, kilipoteza wingi wake bungeni. Hata hivyo serikali iliyofuata ilirithi majaji walioteuliwa kwa utaratibu unaopingwa, na kuwaondoa kwa amri tu kungekuwa kufanya yale yale waliyoyalaumu.