Pencheni Jamii, ruzuku za TASAF na lawama za barazani: mwenye ulemavu ambaye hajafika miaka 70 anaingia wapi?

Mkaazi_wa_Wete aliandika:

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Kila mchele na unga unapopanda bei, mazungumzo ya barazani huku kwetu Pemba yanageuka kuwa lawama. Serikali inagawa pesa za bure, majina ni ya jamaa wa wakubwa, wazee wenye watoto Ulaya nao wanapokea, na watu wenye ulemavu wana wafadhili wao, kwa hiyo wasisumbue. Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao nao wamebanwa.

Naomba walio karibu na mambo haya wanifafanulie. Pesa hizi zinatoka mifuko gani na nani hasa anastahiki? Kwa nini malalamiko juu ya ruzuku ya kaya maskini ni makali kuliko yale ya pencheni ya wazee? Na mtu wa miaka 35 mwenye ulemavu, asiyewahi kuajiriwa, amewekwa kwenye fungu gani? Tafadhali tusitaje watu wala shehia.

Pwani_Mchangani alijibu:

Waalaykumu salaam. Tuanze kwa kutenganisha mifuko, maana nusu ya ugomvi inatokana na kuichanganya.

Pencheni Jamii ilianza Aprili 2016. Ni ya Mzanzibari mkaazi aliyefika miaka 70, mwenye mali na asiye na mali. Fedha yote inatoka bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na katika awamu hii ya nane ikapandishwa hadi 50,000. Inalipwa kwa mtu, si kwa kaya, kwa hiyo mume na mke waliotimiza umri kila mmoja ana yake.

Ruzuku ya kaya maskini ni ya TASAF, mfuko wa Muungano, na kwa Zanzibar inasimamiwa kupitia Ofisi ya Makamu wa Pili wa Rais. Kipindi cha pili cha awamu ya tatu ya TASAF kilizinduliwa Februari 2020. Hii ni ya kaya iliyopimwa ikaonekana maskini, na sehemu ya fedha inafungamana na masharti kama watoto kuhudhuria skuli na kliniki.

ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ni kitu kingine kabisa. Pale mtu anapokea kwa sababu yeye na mwajiri wake walichangia. Mwanachama akipata ulemavu kuna fao lake, lakini asiyewahi kuchangia hana cha kudai.

Sasa mtu wako wa miaka 35. Kwa ZSSF hayumo, hakuajiriwa. Kwa Pencheni Jamii anasubiri miaka 35 mingine. Amebaki kwa TASAF, ambayo haimtazami yeye, inaitazama kaya anayoishi. Kama anaishi kwa kaka yake mwenye duka dogo na nyumba ya bati, kaya inaweza kuonekana ina nafuu naye akakosa. Hakuna pencheni ya kila mwezi ya watu wote wenye ulemavu iliyo mfano wa ile ya wazee. Kwa hiyo anayesema "wao wana wafadhili wao" anazungumzia zaidi viti vya magurudumu, fimbo nyeupe na semina. Kiti cha magurudumu hakinunui unga.

Mwalimu_Kengeja alijibu:

Nitajibu hilo la malalamiko, kwa sababu linaelezeka kwa namna orodha inavyotengenezwa.

Ya wazee ina swali moja: umefika miaka 70 au hujafika? Jirani anaweza kulijibu mwenyewe. Mzee fulani alikuwa kijana mkubwa wakati wa Mapinduzi ya 1964, basi amefika. Akipokea hakuna anayeshangaa.

Ya kaya maskini ina hatua nyingi, na kila hatua ina pahala pa kuteleza. Kwanza mkutano wa shehia unaitishwa na wananchi wanataja kaya zinazodhaniwa maskini. Kaya ambayo haikuhudhuria wala haina msemaji inaweza isitajwe kabisa, na kaya yenye mtu anayeuguzwa kitandani ndiyo mara nyingi haina wa kumtuma mkutanoni. Baada ya hapo wanakuja wadodosaji: ukuta wa nini, sakafu ya nini, chakula, mifugo, idadi ya watu, nani anasoma. Majibu yanaingizwa kwenye mfumo, nao unakadiria hali ya kaya kwa dalili hizo, kwa sababu mapato ya mvuvi au mchuma karafuu hayana hati ya mshahara. Orodha hurudi shehiani kuthibitishwa, kisha ndiyo uandikishaji na kadi.

Kwenye ule ukadiriaji ndipo lawama zinapozaliwa. Katika shehia ya wakulima na wavuvi kaya nyingi zimekaribiana mno. Ukichora mstari katikati yao, aliye juu yake kidogo na aliye chini yake kidogo hawana tofauti ambayo jirani anaweza kuiona. Mmoja anapokea kila malipo yanapokuja, mwenziwe hapati kitu, na hakuna wa kuwaeleza kwa nini. Hapo maneno ya "ni jamaa wa sheha" yanapata nguvu hata pale ambapo sheha hakufanya lolote. Upendeleo upo na ukamatwe unapoonekana. Lakini hata orodha isiyo na upendeleo wowote itakuwa na makosa ya pande mbili, walioingia bila kustahiki na waliostahiki wakaachwa, kwa sababu mtu anapimwa kwa ukuta na bati.

Na maisha yakibana mambo yanazidi. Dodoso linafanywa mara moja kwa miaka kadhaa, hali ya kaya inabadilika kila msimu. Mwaka 2020 watalii walipokatika, kaya zilizokuwa zinaishi kwa mshahara wa hoteli zilianguka kwa wiki chache, na orodha ilikuwa ya zamani. Mtu aliyeanguka jana anamtazama aliyeandikishwa miaka iliyopita akipokea. Lazima aumie.

Kwa mwenye ulemavu kuna jambo moja zaidi. Chukua kaya mbili, kila moja inaingiza shilingi 150,000 kwa mwezi, nyumba sawa, watu watano watano. Moja ina mtoto asiyeweza kukaa wala kujilisha. Ondoa nauli za bajaji kwenda mazoezini, nepi na dawa, tuseme 45,000. Ondoa pia mama ambaye angekwenda kulima mwani au kuuza mandazi lakini hawezi kutoka. Kwa kipimo cha ukuta na bati kaya hizi ni sawasawa, na hali zao haziko sawa hata kidogo. Kazi za muda ambazo mpango wa TASAF huzipa kaya zake kwa ujira nazo, zinazofika siku 60 kwa mwaka, zinahitaji mtu mwenye nguvu aliye huru. Kwa mama huyu siku hizo ni za kwenye karatasi tu, isipokuwa kaya imeandikwa sawasawa kuwa haina nguvukazi. Msisitize hilo siku ya dodoso.

Bint_Micheweni alijibu:

Mwalimu nimekufahamu, lakini mimi bado la wazee halinikai. Zama hizi ngumu, mzee mwenye nyumba ya ghorofa mjini anapokea 50,000 sawa na bibi wa Micheweni anayelala njaa. Si bora matajiri waondolewe, zile pesa wapewe hao wenye ulemavu?

Pwani_Mchangani alijibu:

Bint Micheweni, hoja yako ina haki, tuipigie hesabu. Wazee 1,000 ni shilingi milioni 50 kwa mwezi. Tuseme 100 kati yao ni matajiri kweli. Ukiwaondoa unaokoa milioni 5. Lakini ili uwapate hao 100 itabidi udodose kaya zote 1,000: posho za wadodosaji, usafiri hadi visiwani Kojani na Tumbatu, mfumo, rufaa, na kazi hiyo irudiwe kila baada ya muda. Makosa nayo yatakuwepo. Ukiwatupa nje wazee 100 maskini kwa sababu mtoto wao alijenga ukuta wa matofali, utakuwa umeokoa milioni 5 nyingine kutoka mifukoni mwa wasiostahiki kukatwa. Na swali la jirani litageuka kutoka "ana miaka mingapi?" likawa "kaingiaje yule?"

Kuna jambo jingine. Mpango ambao baba wa kila mtu ataupata una watetezi kila nyumba. Kile kiwango cha 20,000 kilikaa miaka mingi huku bei zikipanda, na kilipopandishwa sijasikia baraza lililolalamika. Mpango wa maskini peke yao, bajeti ikibana, hauna wa kuupigia kelele. Kwa maoni yangu dawa ya mwenye ulemavu si kumnyang'anya mzee. Ni kumwekea fungu lake kwa jina lake, hata likianza dogo na kwa wale wenye ulemavu mkubwa tu, kama pencheni ilivyoanza na 20,000.

Daftari_la_Forodhani alijibu:

Naongeza la nchi nyingine ili tusidhani ni tabia ya Wazanzibari. Uingereza baada ya msukosuko wa kiuchumi wa 2008 walipitia haya haya, kwa sauti kubwa zaidi. Mwaka 2013 taasisi ya Ipsos MORI, kwa ajili ya King's College London na Royal Statistical Society, iliwauliza wananchi: katika kila pauni 100 za posho za serikali, ngapi zinachukuliwa kwa udanganyifu? Wastani wa majibu ulikuwa pauni 24. Makadirio ya serikali yalikuwa senti 70 za pauni, chini hata ya pauni moja. Na kwa ile posho yao ya ulemavu ya wakati huo, DLA, makadirio rasmi ya udanganyifu yalikuwa nusu ya asilimia 1.

Watu wa kule wana takwimu, magazeti na maktaba, na bado walikosea kwa zaidi ya mara 30. Sisi tunaokadiria kwa kumtazama mtu akipita njiani tuwe na hadhari. Mwenye kifafa anatembea. Kiziwi anabeba gunia. Mwenye maradhi ya akili ana siku nzuri, na siku hiyo ndiyo jirani anayomwona. Sensa ya 2022 iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, na kila kimoja kwa kiwango cha ugumu. Jicho la barazani linapima kutembea peke yake.

Na kuhusu zaka, maana nayo hutajwa kwamba inatosha. Zaka ni haki ya fukara na maskini, imetajwa katika Surat at-Tawba aya ya 60, hilo halina mjadala. Lakini kwetu nyingi hutoka Ramadhani, kwa anayemjua mtoaji. Nepi zinahitajika Shaaban na Safar pia.

Mkaazi_wa_Wete aliandika:

Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. La mwisho: kaya yenye mtoto wa hali aliyoisema Mwalimu, imeachwa kwenye orodha. Hatua ya kwanza ni ipi? Wengi wanaishia kumlalamikia sheha kwa mdomo.

Mwalimu_Kengeja alijibu:

Kwa mdomo hakuna kitu. Fanyeni hivi.

Tengenezeni karatasi kwanza. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi cha mzazi, na barua ya daktari kutoka hospitali ya wilaya. Majina yalingane herufi kwa herufi. "Khamis" kwenye cheti na "Hamis" kwenye kitambulisho inatosha kuikwamisha kaya, na kusahihisha kwa wakala wa usajili kunachukua muda, kwa hiyo msisubiri siku ya dodoso. Mwombeni daktari asiandike jina la maradhi tu. Aandike mtoto anaweza nini na hawezi nini: hakai bila kushikwa, hajilishi, anahitaji mtu saa zote. Jina la maradhi mdodosaji halijui, "hajilishi" analielewa.

Mwandikisheni mtoto kwa sheha kama mtu mwenye ulemavu, na ulizeni ofisi ya wilaya mratibu anayeshughulikia watu wenye ulemavu ni nani, ili jina lifike Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Jumuiya kama UWZ, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, nayo inasaidia kufuatilia, na kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili ipo ZAPDD. Uandikishaji huu hauleti fedha wenyewe, tusidanganyane. Faida yake ni kwamba orodha mpya ikitengenezwa, au serikali ikiweka fungu la ulemavu, jina lipo.

Kisha andikeni malalamiko, ukurasa mmoja: tarehe, shehia, mkuu wa kaya, watu wangapi, nani ana ulemavu na wa namna gani, nani anamhudumia na kazi gani ameiacha, matumizi ya mwezi kwa shilingi. Msitaje jirani aliyepata, hata kama mnaona hakustahiki, kwa sababu barua itageuka kesi ya majungu na yenu haitasomwa. Nakala moja kwa sheha na kamati ya mpango ya shehia, moja kwa mratibu wa TASAF wa wilaya, ya tatu mbaki nayo ikiwa na saini na tarehe ya aliyeipokea. Akikataa kusaini, ipelekeni ofisi ya Mkuu wa Wilaya ipigwe muhuri wa masijala.

Mkutano wa shehia ukiitishwa, aende mtu hata kama ni shangazi wa jirani, na aombe jambo moja: orodha isomwe yote kwa sauti, walioingia na waliotajwa wakaachwa, na sababu ziandikwe kwenye muhtasari. Mtoto kama anaweza kubebwa, aende naye.