Uanagenzi wa shahada ya uhandisi: je, kijana ataweza kazi na chuo pamoja?

Mama, Leicester:

Wapendwa, hamjambo? Kijana wangu yuko mwaka wa mwisho wa A-level na anapenda sana uhandisi wa mitambo. Anataka uanagenzi wa shahada, yaani kuajiriwa na kulipwa huku akisomea shahada, badala ya chuo cha kawaida. Baba yake anasema huko ni kwenda kuwa kibarua wa kiwandani. Mimi nahofia mshika mawili, moja humponyoka. Aliyepita njia hiyo aniambie ukweli, asinifiche.

Mwanagenzi wa mwaka wa nne, Derby:

Shikamoo mama. Mwambie baba asiwe na shaka, shahada ni ileile. Mpango huu ulianza Uingereza mwaka 2015, na mwanagenzi halipi ada hata senti. Wanaosoma kwa njia ya kawaida walitozwa hadi pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Mimi napokea mshahara kila mwezi na sina mkopo.

Ugumu uko kwenye muda. Siku nne niko karakana, Jumatano niko chuoni. Nikirudi jioni mwili umechoka, na hesabu bado zinanisubiri. Mwaka wa pili kiwanda kilipata oda kubwa, nikaombwa niache siku ya chuo "wiki hii tu". Ikawa wiki tatu. Nilikubali kwa sababu nilikuwa mgeni na niliona haya kumkatalia mkubwa. Nikafeli mtihani wa thamodinamiki, somo la joto na nishati, nikaurudia wakati wenzangu wako likizo. Hilo liliniuma sana. Mafunzo ni sehemu ya saa za kazi zinazolipwa, si hisani ya meneja, na kijana alijue hilo kabla ya kusaini mkataba. Kwenye usaili aulize: siku ya chuo inalindwaje kazi zikibana?

Raha yake nayo ipo. Jumatano moja tulifundishwa jinsi chuma kinavyochoka kwa kupindwapindwa. Kesho yake fundi mkuu akaniwekea mezani shafti ya pampu iliyokatika. Mkato ulikuwa na mistari myembamba kama ya ganda la chaza, yote ikiizunguka kona kali ya mfereji wa ufunguo, yaani kijipande cha chuma kinachoshikiza gurudumu kwenye shafti. Nikapitisha kidole pale. Ndizo alama za chuma kilichochoka: somo lote la jana lilikuwa hapo, na mpaka leo sijalisahau.

Tena aandike kumbukumbu za kazi kila Ijumaa kabla hajatoka: alifanya nini, alipima nini, alikosea wapi. Mwishoni kuna tathmini inayodai ushahidi, na kukumbuka kazi za miaka minne kwa mpigo ni mateso.

Akipanga nyumba na wanafunzi, muangalie na kodi ya halmashauri (council tax), inayotozwa kila nyumba. Wanafunzi wanaosoma muda wote hawahesabiwi kwenye kodi hiyo, lakini mwanagenzi anayelipwa zaidi ya pauni 195 kwa wiki anahesabiwa. Kwetu niliyehesabiwa ni mimi peke yangu, bili ikaja na punguzo la asilimia 25 tu.

Mama, Leicester:

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Nimemsomea baba yake habari ya shafti, akaomba nirudie. Sasa maombi yanapitia UCAS, ule mfumo wa kuombea vyuo vikuu? Na binamu yake aliyeko hapa kwa viza ya mwanafunzi, naye anaweza?

Mwanagenzi wa mwaka wa nne, Derby:

Hapana mama, anaomba kazi kwa mwajiri mwenyewe, na makampuni makubwa mengi hufungua nafasi kuanzia vuli, karibu mwaka mzima kabla. Akisubiri matokeo ya Agosti atakuta zimejaa. Binamu hawezi, viza ya mwanafunzi hairuhusu uanagenzi. Kijana wako mwenyewe, kama hana uraia, kwa kawaida huangaliwa kama ana haki ya kufanya kazi na ameishi hapa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuanza. Akishapata tarehe ya usaili, nipigieni siku yoyote isipokuwa Jumatano, nimfanyishe mazoezi ya maswali.