Ushauri: Beki wangu kijana anaachwa kila mechi, nimpe mazoezi gani kabla ya Ijumaa?

Gongo la Buluu (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kwa wanaoijua hoki ya barafu. Usiyeijua pita taratibu, nawajua.

Niko benchi la ufundi la timu moja ya AHL, ligi iliyo chini ya NHL, ile ligi kuu ya Marekani na Kanada. Kazi yangu ni video na mabeki vijana. Timu siitaji. Kuna dogo wa miaka 18, katokea ligi ya vijana Kanada. Mwepesi, macho ya pasi anayo. Mechi sita sasa anaachwa pembeni: mshambuliaji akivuka mstari wa buluu kuingia eneo letu, dogo yuko mita tano nyuma, anarudi kinyumenyume, jamaa anakata ndani, kipa anabaki yatima. Kocha mkuu anataka mpango mezani Alhamisi asubuhi, na Ijumaa na Jumamosi tuna mechi mfululizo.

Swali langu ni moja: mazoezi gani yanapunguza nafasi kati ya beki na mshambuliaji? Sihitaji falsafa.

Fundi Visu
Kabla ya mazoezi, angalia visu vya viatu vyake. Wengi wananolewa mfereji wa nusu inchi, yaani lile bonde la katikati ya kisu. Namba ikipungua, mfereji unakuwa wa kina na kisu kinauma barafu zaidi. Ikipanda kwenda inchi tano kwa nane, unateleza vizuri lakini unauma kidogo. Beki mwepesi aliyenolewa kwa kina sana anakwama akigeuka kutoka mbele kwenda nyuma, paja la ndani linachoka, na anaanza kurudi mapema kwa sababu haiamini miguu yake.

Kipimo: geuza kiatu kisu kiangalie juu, laza sarafu juu ya kingo mbili, itazame kwa mbele. Ikiinama upande mmoja, kingo hazilingani. Hapo hata umpe mazoezi ya malaika, ataanguka akigeukia upande ule ule.

Juisi ya Miwa
Huku Dar barafu tunaitia kwenye glasi. Nafuatilia uzi kwa ajili ya baridi tu.

Mama Kipa
Mwanangu, mpe mtoto muda. Mabeki hukomaa polepole kuliko mafowadi. Duncan Keith alicheza misimu miwili mizima Norfolk kwenye AHL hiyo hiyo, 2003 hadi 2005, ndipo Chicago ya NHL wakampandisha. Tuzo ya Norris ya beki bora kaichukua 2010 na 2014. Nyie mechi sita mshaanza kuita vikao. Haraka haraka haina baraka.

Gongo la Buluu
Mama shikamoo. Nakubali yote, ila Alhamisi haikubali. Fundi, visu vimekaguliwa, ni nusu inchi na viko sawa. Mazoezi wakuu, mazoezi.

Kona Butu
Mkuu, unauliza dawa ya homa kabla ya kupima damu. Nafasi ikiwa kubwa kwenye mstari wenu wa buluu, kosa halikuanzia hapo, lilianzia upande wa pili wa uwanja. Kisahani (huo ndio mpira wa hoki) kikipotea kule juu, beki anatakiwa apige hatua tatu nne za kwenda mbele, ndipo ageuke. Mshambuliaji akifika mstari mwekundu wa kati, kati yao iwe kama urefu wa magongo mawili. Kwenye mstari wa buluu, gongo moja au pungufu. Dogo akianza kurudi nyuma angali amesimama, mwenzake anakuja na kasi tayari. Hiyo mbio kashapoteza.

Ila sikupi zoezi hata moja mpaka ujibu: anashika gongo mkono gani? Anacheza upande gani? Mabeki hucheza wawili wawili, mwenzake ni nani?

Gongo la Buluu
Hayo hayahusiani na nafasi. Nafasi ni miguu.

Kona Butu
Jibu.

Dada Penalti
Mkuu jibu bwana, mbona unakuwa kama mtu kaulizwa mshahara.

Gongo la Buluu
Sawa. Anashika kushoto, yaani mkono wa kushoto ndio wa chini kwenye gongo, nimemweka kulia. Mwenzake naye ni mgeni wa ligi, wa miaka 20, anashika kushoto pia.

Msinirukie. Wa kulia hawapatikani, kila mtu anajua hilo. Halafu mtu wa kushoto akicheza kulia kuna faida: kule juu akipewa pasi ya kuvuka, uso wa gongo umefunguka kuelekea katikati, anapiga moja kwa moja. Na mkono wake wa juu ni wa kulia, kwa hiyo akinyoosha gongo kwa mkono mmoja anafika mbali upande wa ukuta. Nimelifikiria.

Kona Butu
Umelifikiria akiwa na kisahani na akiwa amesimama. Tatizo ni pale anapokwenda kukiokota kona ya kulia huku mtu anamfuata mgongoni. Kisahani kinachotambaa ukutani kinamfikia upande wa mgongo wa gongo. Anafanya mambo mawili mabaya: anakwenda moja kwa moja ukutani kifua kikitazama ubao, au anakibamiza upofu kuuzungusha ukuta, na beki wao anakipokea juu. Mara tatu nne hivyo, anaanza kuogopa kuokota. Akiogopa kuokota, anarudi mapema ili afike kwanza. Akirudi mapema, nafasi inakuwa mita tano. Umeona ilikotoka?

Fanya hivi. Beki asimame karibu na mstari wa buluu, kocha aviringishe kisahani kona ya kulia. Achungulie begani mara mbili: mara ya kwanza akigeuka tu, mara ya pili akiwa juu ya duara la kuanzia mchezo, KABLA ya kukigusa. Anayechungulia mara moja anaona picha ya zamani. Sekunde moja na nusu baadaye mkabaji kahama. Afike kwa pembe, asifike kwa mstari ulionyooka, ili nyonga ibaki wazi na mwili uwe kati ya mkabaji na kisahani. Kwa mtu wa kushoto akiwa kulia, kisahani cha ukutani akizuie kwa kiatu kwanza, kidondoke mbele yake, ndipo akichukue kwa uso wa gongo. Asijaribu kukinasa kwa mgongo wa gongo akiwa mbioni.

Raundi ya kwanza bila mkabaji. Ya pili mkabaji mmoja, aachiwe sekunde moja baada ya kisahani. Ya tatu wawili. Kila mtu mara sita hadi nane, kila jaribio lisizidi sekunde 25, apumzike mara tatu ya muda huo. Ukiwachosha unafundisha uchovu.

Na mwenzake apige kelele. Maneno manne tu: zunguka, rudisha, vusha, juu. Zunguka ni kupita nyuma ya lango na kasi yako. Rudisha ni kumwachia mwenzako ulikotoka, na kitoke ukutani, kisipite mbele ya lango. Vusha ni pasi kwa beki wa upande wa pili. Juu ni pasi ya haraka kwa fowadi wa ukutani. Wageni wawili pamoja hawasemi, kila mmoja anadhani mwenzake kaona. Ndiyo maana nilikuuliza mwenzake nani.

Mama Kipa
Huyu kaka apewe kiti.

Gongo la Buluu
Nashukuru, nimeyaandika. Lakini wale wawili siwezi kuwatenganisha, orodha ya Ijumaa nimeshampa kocha mkuu. Na kuna kanuni ya ligi: kati ya wachezaji 18 wa uwanjani, ukiacha makipa wawili, 13 lazima wawe wa kukuzwa. Wazoefu nafasi tano, na nne wameshika mafowadi. Beki mzoefu ninaye mmoja, anacheza na mwingine.

Kona Butu
Kanuni umeisoma nusu. Katika hao 13, kumi na wawili wanaruhusiwa kuwa na hadi mechi 260 za kulipwa, na mmoja hadi 320, na ligi kuu za Ulaya zinahesabiwa humo. Mtu wa miaka 24 mwenye mechi 200 bado ni "wa kukuzwa" kwenye karatasi. Huna hata beki mmoja wa namna hiyo anayeshika kulia?

Gongo la Buluu
Ninaye. Anacheza jozi ya tatu. Kocha mkuu hampendi.

Dada Penalti
Ahaa. Kumbe uzi ulikuwa huu.

Mpelelezi Kata
Wakuu samahani kuwakatisha utamu. Nimesoma toka juu na naona tunanyweshwa chai, tena ya tangawizi.

Mleta uzi anasema dogo ana miaka 18 na katokea ligi ya vijana Kanada. Kwa makubaliano ya NHL na ligi kuu za vijana za kule (OHL, WHL na QMJHL), mchezaji wao wa miaka 18 hashushwi AHL wakati msimu wa klabu yake unaendelea. Ama anabaki NHL, ama anarudi kwa vijana. Hakuna mlango wa kati. Sasa huyu dogo kapita dirishani? Mtu wa benchi la ufundi hawezi kukosea jambo hili, ni kama mwalimu wa sekondari asiyejua mitihani ni mwezi gani.

Juisi ya Miwa
Nilijua tu. Barafu yenyewe imeanza kuyeyuka.

Dada Penalti
Miaka 18 AHL yupo mtu alicheza, msidanganyane. William Nylander alikuwa Toronto Marlies msimu wa 2014/15 akiwa na miaka 18. Pastrňák naye Providence, msimu huo huo.

Mpelelezi Kata
Wote wawili walichukuliwa kutoka Uswidi, dada. Makubaliano yale hayawagusi. Umeniongezea ushahidi, asante.

Gongo la Buluu
Haya basi.

Dogo hakutoka Kanada. Katoka Uswidi, kafika Septemba. Niliandika Kanada makusudi ili asitambulike, mabeki wa miaka 18 kwenye ligi hii wanahesabika kwa vidole. Sikutunga kitu kingine. Sikuona kama alikotoka kunabadilisha mazoezi.

Mpelelezi Kata
Hilo linaingia akilini. Nafuta chai, nabakiza maji ya moto.

Kona Butu
Halibadilishi mazoezi? Mkuu, hilo ndilo lilikuwa swali zima!

Viwanja vingi vya Uswidi ni mita 60 kwa 30. Vyenu ni futi 200 kwa 85, yaani karibu mita 61 kwa 26. Umeona mita nne zimepotea ukadhani ni kidogo. Pima kutoka nukta ya kuanzia mchezo hadi ukutani: kule ni mita nane, kwenu ni sita na robo. Kijana kalelewa kulinda katikati na kumwachia mtu njia ya pembeni, maana kule pembeni ni mbali na lango. Kwenu hiyo njia ya pembeni haipo. Anampa mtu nafasi ile ile aliyozoea kutoa, na jamaa akiwa ukutani yuko hatua mbili kutoka langoni. Siyo mzembe huyo, anacheza sawasawa kwenye uwanja usiokuwepo.

Nyuma ya lango nako: kwa vipimo vya kimataifa, mstari wa goli uko mita nne kutoka ubao wa mwisho. Kwenu futi 11, mita tatu na sentimita 35. Akiitwa "zunguka" anaingia na pembe ya kwao, anabanwa kati ya nyavu na ubao, kasi inakufa, mkabaji kafika. Na mkabaji mwenyewe anafika mapema kwa sababu kona ziko karibu.

Kwa hiyo umembadilishia uwanja, upande, na ukamnyima mtu wa kumsemesha, vyote kwa mkupuo. Ukiangalia video huwezi kujua kipi kinamwangusha. Kule alicheza upande gani?

Gongo la Buluu
Kushoto. Miaka yote.

Kona Butu
Basi mrudishe kushoto, mpe yule wa miaka 24 anayeshika kulia. Uwanja huwezi kuubadilisha, hivyo viwili vingine unaweza.

Na zoezi lako la nafasi ni hili sasa. Weka koni tano kwa mstari kutoka nukta ya pembeni ya eneo la kati hadi nukta ya eneo lenu. Beki abaki ndani ya koni, bega lake la nje likilingana na bega la ndani la mshambuliaji, gongo barafuni muda wote. Mshambuliaji aanze na kasi kutoka eneo lake. Kati ya mstari mwekundu na wa buluu, beki aache kurudi nyuma, ageuke na kumsukumia ukutani: gongo kwenye kisahani kwanza, bega baadaye. Akitanguliza bega atapitwa au atatolewa dakika mbili. Wiki ya kwanza mruhusu akosee kwa kuwahi sana. Ukimkemea akiwahi, anarudi kwenye mita zake tano.

Fundi Visu
Na uwanja mdogo una kugeuka kwingi. Mimi bado ningeangalia visu.

Mama Kipa
Na chakula je? Mtoto wa miaka 18 ugenini anakula nini?

Gongo la Buluu
Mama, anapika tambi kila siku, nitalishughulikia. Wakuu, naogopa kitu kimoja: nikirudi kwa kocha mkuu na orodha mpya ataniona sijui ninachofanya.

Dada Penalti
Usiende na orodha. Nenda na vipande vinne vya video, vyote kisahani kikiwa kona ya kulia. Usiseme neno, mwache aseme yeye.

Gongo la Buluu (Alhamisi, saa nne usiku)
Mrejesho. Vipande vilikuwa vitano. Kocha mkuu katazama vitatu, kasimamisha, kauliza "huyu kwao anacheza upande gani?" Dogo karudi kushoto. Yule wa miaka 24 kakataliwa, mwenzake kesho ni yule mzoefu kwa vipindi viwili vya kwanza, cha tatu tutaona. Mazoezi ya leo alichungulia begani mara mbili katika majaribio matano kati ya manane. Matatu yaliyobaki alichungulia mara moja, na katika hayo mawili kanaswa ukutani.

Fundi, jioni kaomba mwenyewe abadilishiwe mfereji uwe tano kwa nane. Nimruhusu kabla ya mechi?

Fundi Visu
Usithubutu. Jumapili.