Sarafu ya fedha yenye kosa la kiwandani au ile safi, nichukue ipi? (Kigoma)

mwana_kasingirima:
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa hapa Kigoma ana sarafu mbili za fedha, namaanisha fedha ya madini, si hizi za kununulia vocha. Moja safi kabisa, nyingine ina kosa la kiwandani, na hiyo ndiyo anaiuza mara mbili ya mwenzake. Anasema duniani zinatafutwa zenye makosa. Nichukue ipi? Anataka jibu kesho.

FundiMizani:
Kosa gani? Ya nchi gani? Mwaka? Uzito? Picha iko wapi? Mkuu umetuletea mgonjwa hutaki kusema anaumwa wapi.

Mgebuka:
Beba yenye kosa. Marekani 2008 walipiga Silver Eagle kadhaa (sarafu yao ya fedha ya wakia moja) zenye alama ya W ya kiwanda cha West Point, mbele zina mwaka 2008, nyuma wakatumia muhuri wa 2007. Itazame herufi U ya neno UNITED: ya kawaida ya 2008 ina kamkia, hizi hazina. Watu wanalipia kukosekana kwa hako kamkia mpaka leo.

FundiMizani:
Hiyo inajulikana, iko mpaka kwenye vitabu. Kosa lina bei ukimpata mtu wa pili anayelitaka. Kigoma nzima atampata wapi? Wakia moja safi ni gramu 31.1, sonara anapima, mnapatana, kila mtu anakwenda kwake.

mwana_kasingirima:
Samahani wakuu, nilikuwa njiani. Ni ya Kanada, ina jani, mwaka 2014, ndugu yake yuko huko ndiye aliyemletea. Kosa lenyewe ni madoa meupe, kama imerukiwa na maziwa. Anataka laki sita, safi laki tatu. Picha kakataa.

BintiUnyanyembe:
Kaka, simama hapo hapo. Madoa ya maziwa si kosa la kupiga chapa. Maple Leaf, ndizo hizo za jani, zilisumbuliwa sana na ugonjwa huo, mpaka 2018 kiwanda chao kikaanza kuzipa kinga waliyoiita MintShield. Doa linashusha bei. Kosa la kweli linapatikana sarafu inapozaliwa: kisahani, yaani kipande kabla ya kupigwa chapa, kimekatwa vibaya ukingoni, au kimekaa upande muhuri ukashuka, au kimepigwa mara mbili. Yakitokea baada ya hapo ni makovu tu. Na picha kakataa kwa nini?

SautiYaKibirizi:
Ngoja niwape yangu. Enzi zile napeleka dagaa Tabora, nikaletewa pale Kibirizi rupia ya Mjerumani, kichwa cha Kaizari na kofia yake yenye tai, pande zote mbili! Nikajua nimetoka kimaisha. Nikatoa pesa yote ya magunia mawili, na simu juu. Usiku kwenye treni sikulala, rupia iko ndani ya soksi, kila anayepita namwona mwizi.

Tabora nikaenda kwa mzee mmoja sonara. Hata hakuitazama. Aliidondosha juu ya kioo cha meza, ikalia pa, kama kifuniko cha soda. Akaipima. Rupia inatakiwa gramu 11.66, yangu ikagota tisa na kitu. Akapitisha ukucha kwa ndani ya ukingo, akachukua kisu, ikafunguka kama kopo la kiwi. Zilikuwa sarafu mbili: moja imekombwa ndani, nyingine imechongwa ikaingia humo. Mzee akanirudishia vipande, akasema, "Mjukuu wangu, hii haikupigwa vibaya. Aliyepigwa ni wewe."

Mpaka leo mke wangu anajua yale magunia yalilowa.

Mgebuka:
Pole sana, ila mwenzio kauliza ya Kanada.

karakana_T:
Mnahangaika na Kanada wakati mali iko nyumbani. 1916 Mjerumani vita vimembana, meli hazifiki, akafua sarafu hapa hapa Tabora kwenye karakana ya reli. Heller 5, heller 20 (ndiko tulikotoa neno hela), na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Tafuta herufi T. Hiyo heller 20 ina taji kubwa, ina taji dogo, ipo ya shaba nyekundu, ipo ya shaba ya njano. Hayo ndiyo makosa ya kukusanya.

BintiUnyanyembe:
Hayo si makosa baba, ni mihuri tofauti.

karakana_T:
Mwanangu, fundi amekusudia taji moja limetoka jingine, utaliitaje?

BintiUnyanyembe:
Nani kakwambia alikusudia moja?

FundiMizani:
Na katika zote ulizotaja hakuna hata moja ya fedha. Mleta uzi, nenda na sumaku. Ikinata, rudi nyumbani. Isiponata bado pima, maana shaba nayo hainati.

tajiri_mtarajiwa:
Wadau mwenye rupia inayovuta mchele aje PM, mnunuzi yuko Dar na pesa mkononi.

FundiMizani:
Haya, matapeli wameshaingia.

SautiYaKibirizi:
Huyo wa mchele namjua, au ndugu yake.

mwana_kasingirima:
Nimempigia, nimemwambia madoa yanashusha bei. Kashuka mpaka laki nne, na ghafla anasema halikuwa kosa hasa. Ila ile safi nayo kapandisha, laki tatu na nusu. Nataka kuzipima zote mbili mbele yake. Nani ana mizani ya gramu hapa mjini?

SautiYaKibirizi:
Ninayo ya dagaa. Inaanzia nusu kilo.