Mjadala: Kisoma kadi cha nauli kwenye basi kikizima njiani, abiria apande bure?

Mleta mada
Wakuu, msimamo wangu ni kwamba abiria apande na safari iendelee. Tuchukulie basi la abiria 600 kwa siku, wawili kati ya kila watatu wanalipa kwa kadi. Kisoma kadi kikizima kutwa, zimepotea nauli 400. Ukilirudisha basi karakana unapoteza zote 600, na vituoni watu wanarundikana hadi basi la nyuma nalo linachelewa.

Mkaguzi wa mapato
Mkuu, hiyo ni hesabu ya siku moja. Watu wakishazoea kwamba mashine mbovu ni safari ya bure, utakuta kebo zimechomolewa na tundu la noti la mashine ya nauli limesokomezwa karatasi. Tena abiria hao hawahesabiwi: mpanga ratiba anaona njia haina watu, anapunguza mabasi. Kisoma kadi kisipowaka, basi lisitoke, kama vile breki.

Fundi umeme
Ndugu, breki ikifeli inaua, msivilinganishe. Na mara nyingi kinachoitwa kibovu hakina ubovu. Basi la volti 24 likipigwa stata, umeme unashuka ghafla. Kisoma kadi kinakatika katikati ya kuandika kwenye kumbukumbu, kikiwaka tena kinaganda kwenye nembo. Kipitishieni umeme kwenye kigeuza volti kinachohimili mshuko huo, au wekeni rilei (swichi ya umeme) ya kuchelewesha, kiwake injini ikishatulia.

Kingine ni mtetemo. Plagi ya nyuma inalegea, pini zinashika na kuachia. Tumieni plagi ya kufunga kwa skrubu, kebo ibanwe kwenye nguzo sentimita chache kabla ya plagi, ikiachwa na ulegevu kidogo.

Mkaguzi wa mapato
Sawa, na kikishazima safarini? Madereva huambiwa wakifute kumbukumbu, kianze upya.

Fundi umeme
Hapo ndipo pesa inapopotea! Mtandao ukikatika, kisoma kadi kwa kawaida kinaendelea kupokea kadi na kutunza miamala ndani. Kukifuta ni kufuta nauli zilizokwisha kulipwa. Dereva akizime na kukiwasha mara moja tu. Kikigoma, kibadilishwe kituo cha mwisho, na kilichotolewa kipakuliwe miamala kwanza, ndipo kiguswe.

Mleta mada
Basi napunguza dai langu: bure iishie mwisho wa safari hiyo. Ila mkataba utaje nani ananunua visoma kadi vya akiba, na vingapi vikae kila kituo cha mwisho.

Mkaguzi wa mapato
Hilo naliunga mkono. Lakini suala la basi kutoka karakana na mashine iliyozima, bado nalikataa.