Ushauri wa haraka: ninunue Blu-ray za anime Marekani au Uingereza?

Mpenda_Katuni: Wakuu habari za jioni. Niko Dar, mpenzi wa anime (katuni za Kijapani) tangu shule. Kuna jamaa yuko Texas anarudi mwezi ujao, amekubali kunibebea Blu-ray orijino. Shida ni bei. Boksi la vipindi 12 tu linapita dola 100, wakati filamu ya Hollywood unaipata chini ya 20. Uingereza naona nafuu. Usingizi sipati, naombeni mwongozo.

Fundi_Deki: Mkuu, kabla ya bei angalia ukanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa; deki ya eneo jingine haiisomi. Blu-ray za Marekani ni ukanda A, sawa na Japani. Afrika tuko B pamoja na Ulaya. Juzi kuna mama kaniletea deki eti imekufa. Diski haina hata mkwaruzo, nageuza kasha, kialama kinasema A. Deki nzima kabisa. DVD ndiyo usiseme: Uingereza ni 2, sisi ni 5.

Mama_Nasra: Dola 100 za katuni! Mwanangu wa pili alinisumbua hivyohivyo na gemu, nikampa hela ya kuku wa mayai. Leo ana banda lake Chanika.

Mkaazi_wa_Osaka: Bei ina sababu. Japani anime nyingi hurushwa usiku wa manane, na kamati ya uzalishaji, yaani kampuni zilizochangia kuitengeneza, ndiyo inayolipia muda huo wa hewani. Kwa miaka mingi hela ilirudi kwa diski: moja ina vipindi 2, yen 6,000 hadi 8,000. Sasa Marekani wako ukanda uleule. Ukiuza boksi zima kule kwa dola 40, Mjapani ataagiza la huko. Ndiyo maana Aniplex of America, wasambazaji wa anime kule, walikuja na bei za kukaribia za Japani. Bandai Visual, kampuni nyingine ya Japani, nao walijaribu bei hizo Marekani, wateja wakagoma, mwaka 2008 tawi lao likamezwa na kampuni ndugu ya hukohuko, Bandai Entertainment. Diski ya ukanda B deki ya Mjapani haiisomi, kwa hiyo Uingereza hofu hiyo ni ndogo. Ila mkuu, mtu anayenunua boksi la kutazama nyumbani hakosi usingizi. Unataka mangapi?

Mpenda_Katuni: Haya. Si ya kutazama peke yangu. Nina chumba Mbagala, projekta na viti, na kijana wa kuingiza sauti ya Kiswahili. Hela ni ya kikoba, nusu nimeshaituma Texas na boksi la kwanza limenunuliwa. Lakini wenzangu wanaonyesha vya kupakua bure, mimi nalipia. Nikiwa na diski halali nani atanigusa?

Wakili_Ilala: Diski ni yako, haki si yako. Mwenye anime huuza haki kwa nchi, kwa miaka, na kwa aina: diski mbali, televisheni mbali, mtandaoni mbali. Msambazaji hulipa kianzio kabla hajauza hata moja, kisha mrabaha kwa kila inayouzwa. Huyo wa Marekani kalipia eneo lake. Haki ya kuonyesha Mbagala hana, atakupaje? Kwenye kasha wameandika ni kwa matumizi ya nyumbani. Kuweka sauti ya Kiswahili ni haki nyingine tena. Nenda COSOTA (ofisi ya hakimiliki) na Bodi ya Filamu kabla ya kufungua mlango.

Mpenda_Katuni: Mbona vibanda vimejaa mtaani na havifungwi? Hela ishatoka, siwezi kurudi nyuma.

Jicho_la_Tatu: Hii ni chai. Akaunti mpya, mara mpenzi wa anime, mara chumba Mbagala. Kesho atakuja "nauza projekta, njoo PM". Leta picha.

Mama_Nasra: Chai au si chai, wana kikoba wanajua? Mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu. Mtu akikopa kwa jambo hili na kulifanyia lile, tunamwita mbele ya watu.

Jicho_la_Tatu: Mama, unamjibu mtu hewa.

Mpenda_Katuni: Picha hiyo ya kasha, jamaa kanitumia asubuhi. Jina lake nimelifuta.

Fundi_Deki: Nimeikuza. Chini kulia, A peke yake. Deki yako ya wapi?

Mpenda_Katuni: Ya Kariakoo. Nitatafuta ya kanda zote.

Fundi_Deki: Zipo, lakini hakikisha ni kanda zote za Blu-ray. Nyingi zimefunguliwa upande wa DVD tu. Njoo na hilo boksi tujaribu kabla hujalipa.

Wakili_Ilala: Na mpigie Texas leo asinunue la pili.