Golf Mk5, taa za ABS na ESP haziondoki: yuniti mpya, ya mtumba au kutengenezesha iliyopo?

MtaaWaPwani, Dar es Salaam

Wakuu, habari za humu. Nina Golf GT TSI ya 2007 iliyotoka Japani. Taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisifunge ukikanyaga breki) na ya ESP (mfumo wa kuzuia gari lisiteleze kando) zimeganda kwenye dashibodi, ingawa breki zinashika vizuri. Nimepima kwa VCDS, programu ya kusoma hitilafu za magari ya VW, ikatoa namba ya hitilafu 01435, sensa ya presha ya breki, G201. Nikiifuta, nikizima na kuwasha gari inarudi palepale. Mafundi wanakubaliana kuwa ABS ndiyo imekwisha, ila dawa zao zinapishana: mmoja anataka ninunue mpya, mwingine anasema niingie mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya vipuri nikatafute ya mtumba, na wa tatu anasema ataizima taa na nitasahau habari hiyo. Spana ninazo, pedi, diski na mafuta ya breki huwa nabadili mwenyewe nyumbani. Naomba waliopitia njia hizi wanilinganishie. Gari hili linapeleka watoto shule, sitaki kubahatisha.

Fundi_Kipimo, Arusha

Mkuu, bei iache kwanza. Yuniti ya ABS ya gari lako ni ATE MK60, nayo ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kuna boksi la umeme lenye ile plagi kubwa, na kuna kipande cha aluminiamu chenye valvu na mota ya pampu, ambako paipu sita za breki zinaingia: mbili kutoka masta silinda, nne kwenda kwenye tairi. Hitilafu ikiwa ya boksi la umeme peke yake, unafungua skrubu za Torx na kulivuta boksi kwa unyoofu. Utaviona vijiti vya valvu vimebaki vimesimama kwenye aluminiamu, na koili zake zimetoka na boksi. Hakuna paipu iliyoguswa, hakuna mafuta yaliyomwagika, hakuna kutoa upepo. Kazi hiyo mtu makini anaimaliza uani kwake.

Sasa 01435 si ya kundi hilo. G201 imo ndani ya yuniti na haiuzwi peke yake. Ukinunua boksi la umeme tupu kwa sababu ni rahisi, kuna uwezekano mkubwa taa ikabaki vilevile. Wewe unazungumzia yuniti nzima, na yuniti nzima maana yake paipu zote sita zifunguliwe.

Ila kabla hujatoa hela hakikisha mambo machache. Pima betri, kwa sababu umeme ukishuka wakati wa kupiga stata boksi huandika hitilafu ambazo hazipo. Chomoa plagi uangalie kama kuna ukijani wa kutu au unyevu. Angalia swichi ya taa za breki pale kwenye pedeli. Ikisitasita, boksi linaona presha bila pedeli na linalalamika. Mwisho fungua vipimo hai kwenye VCDS utazame presha ya breki. Usipogusa pedeli iwe karibu na sifuri, ukikanyaga ipande, ukiachia ishuke. Tuletee majibu.

MtaaWaPwani

Betri ni mpya, plagi kavu, taa za nyuma zinawaka kila nikikanyaga. Presha inasoma namba kubwa hata nisipogusa pedeli, na nikikanyaga haitikisiki.

Fundi_Kipimo

Basi hiyo ni sensa. Sasa tunaweza kulinganisha.

Binti_wa_Kisauni, Mombasa

Mimi nilipita njia ya mtumba kwa Golf kama hiyo na bado naipendekeza, lakini kwa masharti. Soma stika. Namba ya boksi la umeme inaanza na 1K0 907 379, ya yuniti nzima inaanza na 1K0 614 517, na mwishoni kuna herufi. Mambo yote yako kwenye zile herufi. Ya gari lenye ESP na ya lisilo na ESP, ya gari linalovuta kwa tairi za mbele na ya 4Motion, linalovuta kwa tairi zote nne, kwa macho huwezi kuzitofautisha. Muuzaji wa kwanza aliniapia kwamba aliyonayo ni ya Golf. Kweli ilikuwa ya Golf, ila ya Golf isiyo na ESP, na akakataa kuipokea nilipoirudisha. Kwa hiyo ndugu yangu, piga picha stika ya kwako, nenda nayo dukani, linganisha herufi kwa herufi, na mwandikishiane kwenye risiti kwamba isipokubali kwenye mashine anairudisha.

Halafu chungulia matundu ya paipu. Ikiwa yamezibwa tangu siku ilipotolewa kwenye gari, sawa. Ikiwa yako wazi na yameshika vumbi, iache hata wakikupa kwa bei ya kutupa. Vumbi lile linakwenda kukaa kwenye valvu.

Mswahili_Leicester, Uingereza

Niongeze ya huku. Gari lenye taa ya ABS inayowaka halipiti ukaguzi wa MOT, kwa hiyo kutengenezesha ni jambo la kawaida sana. Unatoa yuniti yako, unaituma kwa mafundi wa elektroniki wanaoshughulika na hizo tu, wanairudisha ikiwa nzima. Uzuri wake ni kwamba unarudishiwa ileile: usanidi wa gari lako, yaani mpangilio unaoiambia yuniti iko kwenye gari gani, umo ndani, hakuna kuhangaika na herufi.

Ubaya ni kwamba muda wote huo gari limelala na paipu zake zimezibwa. Ukituma kutoka Dar, hesabu usafirishaji wa kwenda na kurudi, na forodha ikiingia. Mwenye gari la pili nyumbani namshauri njia hii bila kusita. Mwenye moja, na watoto wa shule, ni mzigo.

Mzee_wa_Kirinyaga, Nairobi

Yuniti mpya pia isemewe haki yake. Inakuja imejazwa mafuta ya breki na kuzibwa vizuri, kwa hiyo upepo utakaouingiza ni mdogo, na ina dhamana. Lakini inakuja haijui imefungwa kwenye gari gani, lazima isanidiwe kwa mashine ndipo itulie. Bei yake kwa Golf ya 2007 hailingani na thamani ya gari lenyewe. Gari likiwa jipya ningesema nunua bila mjadala.

Huyo anayetaka kukuzimia taa, mwanangu, mkimbie. Anachokuuzia ni kutoona. Sensa ya tairi ikikatika kesho hutajua, mafuta ya breki yakipungua na kama taa alizoziba ni pamoja na ile nyekundu, hutajua. Na atakayelinunua gari hilo baadaye hatajua kabisa. Nimeona dashibodi zimefunguliwa na taa zimezibwa kwa utepe mweusi, na mwenye gari akiendesha familia akiamini kila kitu ni kizima.

JotoLaIlala, Dar es Salaam

Mzee heshima yako, ila tusimtishe mwenzetu. Bila ABS breki za kawaida zinafanya kazi. Tumeendesha magari yasiyo na ABS miaka mingi na tuko hai.

Mzee_wa_Kirinyaga

Nakuelewa, na hoja hiyo naisikia kila siku, ndiyo maana naijibu kwa urefu. Magari yale yalitengenezwa bila ABS, hivyo yalipewa valvu ya kupunguza presha inayokwenda kwenye tairi za nyuma. Ukikanyaga breki kwa nguvu uzito wa gari unahamia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, na bila kupunguza presha tairi za nyuma zitafunga kwanza. Tairi za nyuma zikifunga kabla ya za mbele, gari linageuka. Kwenye Golf hii kazi ya kugawa presha inafanywa na yuniti yenyewe, ndiyo inaitwa EBD. Kwa hitilafu ya MtaaWaPwani huenda EBD bado ipo, kwa kuwa anasema zinawaka ya ABS na ya ESP tu. Lakini siku taa nyekundu ya breki ikiungana nazo, ajue na EBD imeondoka, na hapo asilitoe gari nyumbani. Tofauti ya gari ambalo halikupewa ABS na gari ambalo ABS yake imekufa ni hiyo.

JotoLaIlala

Hapo nimekusoma, mzee. Sikuwa nalijua hilo la valvu ya nyuma. Asante.

Fundi_Kipimo

MtaaWaPwani, kwa hali yako mimi naweka mtumba mbele, kutengenezesha pili, mpya mwisho. Lakini sababu yangu ya kuuweka mtumba mbele ni kwamba unaweza kuupima kabla hujafungua hata paipu moja. Ukiwa na yuniti ya mtumba, ilaze juu ya kitambaa safi karibu na ya zamani, zima gari, hamisha plagi, washa swichi bila kupiga stata, soma kwa VCDS. Italalamika kuhusu usanidi, hilo usilijali. Futa hitilafu za zamani, kisha tazama presha: ikisoma karibu na sifuri na 01435 isirudi, umepata ya kweli. Ikirudi, unairudisha dukani na breki zako hazijaguswa. Usiliendeshe gari likiwa hivyo, hata kulisogeza.

Na kabla ya hapo, wakati yuniti yako ya zamani bado inaongea na mashine, nakili namba yake ya usanidi. Piga picha ya skrini kabisa. Ikifa kabisa kabla hujanakili, utaanza kuitafuta namba hiyo kwa kusoma aina ya breki na vifaa vya gari, na ni kazi inayochosha bure.

MtaaWaPwani

Wakuu, nimepata Gerezani yenye herufi zilezile, matundu yamezibwa. Nimeipima kwa njia ya Fundi_Kipimo, presha inasoma sifuri na 01435 haijarudi. Nimeshaandika namba ya usanidi. Kinachonitia wasiwasi ni paipu na upepo. Huko nyuma nilibadili mafuta kwa kukanyagiwa pedeli tu.

Fundi_Kipimo

Kwanza chomoa betri. Kisha kanyaga pedeli ya breki kidogo, isishuke hadi chini, uishikilie kwa kijiti kilichobanwa kwenye kiti cha dereva. Pedeli ikikaa hapo, njia ya mafuta kutoka kwenye chupa kwenda masta silinda inajifunga, na ukifungua paipu chupa nzima haitamwagika. Fungua niplo (skrubu ya kutolea upepo) moja ya tairi la mbele kidogo ili presha iliyobaki itoke, halafu uifunge.

Weka alama kila paipu kwa utepe na namba kabla ya kufungua. Paipu ya mbele kulia ikienda kwenye tundu la nyuma kushoto, gari litafunga breki kwenye tairi lisilostahili, na mashine inaweza isikuambie kitu. Tumia spana ya paipu, ile inayokumbatia nati karibu pande zote, kwenye magari haya mara nyingi ni ya 11. Spana ya kawaida itazila kona za nati na hapo kazi inageuka kuwa ya kubadili paipu. Ziba kila paipu mara tu inapotoka. Mafuta ya breki yanababua rangi, kwa hiyo weka matambara na ndoo ya maji karibu.

Wakati wa kurudisha, kila nati ianze kwa vidole mpaka iingie mizunguko kadhaa. Ikigoma usiilazimishe kwa spana, itoe uanze upya. Kaza 14 Nm.

Binti_wa_Kisauni

Hapo kwenye upepo usikubali kukanyagiwa pedeli peke yake. Mimi pedeli ilibaki laini mpaka pampu ilipowashwa kwa mashine. Upepo unaojificha ndani ya yuniti ya mtumba hautoki mpaka valvu zifunguliwe, na mguu hauzifungui.

Fundi_Kipimo

Dada yuko sahihi. Toa upepo wa kawaida kwanza kwenye tairi zote kwa mpangilio wa kitabu cha gari, kisha endesha pampu kupitia VCDS, kisha toa tena. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kopo lisilowahi kufunguliwa, kwa sababu mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani na huko pwani hewa ni nzito. Yaliyotoka yasirudi kwenye chupa. Pedeli ikiendelea kuwa laini hata kidogo, gari lisitoke getini.

MtaaWaPwani

Imefungwa, pedeli ngumu, hakuna panapovuja, namba ya usanidi imekubali. 01435 imepotea. Ila taa ya ESP bado ipo, na kwenye mashine naona sensa ya usukani, G85, inasema haijawekwa sawa. Nikijaribu kuiweka inakataa.

Mswahili_Leicester

Lazima uingie na namba ya ruhusa kwanza. Kwenye MK60 ni 40168. Bila hiyo itakataa hata ujaribu vipi.

Fundi_Kipimo

Ndiyo. Gari liwe mahali tambarare, lisiwe na abiria wala mzigo. Liendeshe polepole mbele kwa unyoofu, lisimamishe usukani ukiwa katikati, usiuguse tena. Ingia 40168, kisha mipangilio ya msingi kundi la 060 kwa G85. Ikikubali, ingia tena 40168 na ufanye 063 kwa sensa ya kuegemea upande, halafu 40168 na 066 kwa presha ya breki, mguu ukiwa mbali na pedeli. Kama usukani umesimama pembeni wakati gari linakwenda moja kwa moja, 060 itaendelea kukataa mpaka upangiliwe upya kwenye mashine ya wili.

MtaaWaPwani

060, 063 na 066 zote zimekubali. Taa zimezimika. Niende barabarani?

Mzee_wa_Kirinyaga

Bado, mwanangu. Tafuta uwanja wa changarawe usio na watu. Anza mwendo wa mtu anayekimbia, kanyaga, hakikisha gari halivuti upande. Kisha ongeza mwendo kidogo, ukanyage kwa nguvu zote usiachie. Utausikia mtetemo kwenye mguu na mlio wa pampu, na usukani utakutii. Rudi nyumbani, kagua nati zote sita kwa tambara kavu na kina cha mafuta kwenye chupa. Kesho yake asubuhi kagua tena kabla watoto hawajapanda.